Gome la Mwerebi wa Kisimani

Hebu fikiria kisima kidogo chini ya mteremko, maji yake yametulia na ni baridi hata saa sita mchana. Juu yake umeinama mti mkubwa, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Majani yake ni membamba, kijani kwa juu na meupe kidogo kwa chini, na upepo ukipita mti mzima hubadilika rangi. Kwenye ncha za matawi, pale yanapokaribia kugusa maji, vimening'inia viota vya minana, wale ndege wa manjano wanaofuma majani kama mtu anayesuka kikapu. Kelele zao utazisikia kabla hujakiona kisima.

Nilipokuwa mtoto kule Tlawi, kisima hicho kilikuwa chetu sote, nyumba kama kumi na mbili hivi za upande mmoja wa bonde. Mti ule kanisani tuliusikia ukiitwa mwerebi. Nyumbani ulikuwa mti wa maji tu, kwa sababu haukuota mahali pengine. Ilikuwepo mingine midogo ikishuka na kijito, lakini ule wa kisimani ndio uliokuwa mama yao.

Aama, ndivyo tulivyomwita bibi yangu mzaa baba, alikuwa akiniambia kwamba kila kisima kina wenyewe. Wakubwa waliogopa kuwataja, kwa hiyo tulisema "wenye maji" tu. Walikaa chini ya mizizi ya mwerebi. Mti ukiwa na kivuli, ndege na nyuki, wenye maji wametulia. Mti ukivuliwa nguo, watahama, na wakihama watamtafuta aliyewafukuza. "Nao hawakosei mtu," Aama alisema. "Wanaujua mkono."

Mimi nilikuwa darasa la nne na nilikuwa nimeshaanza kuona kwamba Aama anajua mambo ya zamani tu. Mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha kwamba maji hutoka kwenye mvua inayozama ardhini. Nilimweleza Aama hivyo, tena kwa sauti ya mwalimu.

"Sawa," alijibu. "Na mvua inakaa wapi ikisubiri kutoka?"

"Ardhini."

"Kwa nani?"

Hapo akacheka mpaka akakohoa.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipoachiwa huru. Wanunuzi wa vitunguu saumu, ambao zamani hatukuwajua, walianza kupanda milima yetu na malori. Kila nyumba ikageukia vitunguu. Vikikauka tulivifunga mafungu mafungu, na kamba tuliitoa kwenye gome la mwerebi, maana ni laini, halikatiki, na likilowa halichubui mikono.

Aama ndiye aliyenifundisha kulivua. Unachukua utepe wa upana wa vidole viwili, kutoka upande unaotazama mlima. Halafu unaliacha jeraha mpaka lijifunge, mwaka mzima usirudi hapo. Kamwe usizunguke mti. Chakula cha mti hupita kwenye gome, alisema, na ukikata pande zote ni sawa na kumkaba mtu shingo. Nilipokuja kusoma chuo cha ualimu niliyakuta maneno hayohayo kwenye somo la mimea.

Siku ninayoikumbuka, baba alinituma kamba saa za mchana. Lori lilikuwa linategemewa barabarani, na watoto wote walikwishakimbia kwenda kulitazama linavyopanda kona. Nililisikia likinguruma kwa mbali. Nilichukua utepe wa kwanza, wa pili. Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri na gome lilitoka kwa urahisi mno, likilia kidogo kama kitambaa kinachochanwa. Nikavuta wa tatu, nikavuta kwa upana zaidi, na kila ulipokwisha mwingine ulikuwa umeshajianzisha wenyewe. Nilipopata mzigo wa kutosha nikatazama. Nilikuwa nimeuzunguka mti mzima. Shina lilikuwa jeupe, limelowa, linang'aa kama mfupa.

Nilichota tope kwa mikono miwili nikalipaka lile jeraha lote, nikafunika na nyasi. Kisha nikakimbia kuliona lori.

Jioni Aama alizishika kamba, akazipitisha kwenye vidole vyake moja baada ya nyingine.

"Tere," aliniita, "zilitosha?"

"Zilitosha, Aama."

"Ulichukua upande mmoja?"

"Ndiyo, Aama."

Akazikunja zile kamba, akaziweka kando.

Sasa lazima niwaambie habari za Mama Martina, maana bila yeye hii ingekuwa hadithi ya mti tu.

Mama Martina alikuwa jirani yetu wa tatu, na binti yake Martina tulikaa naye dawati moja. Mwezi ule mama huyo alikuwa amejifungua mtoto aliyekufa tumboni. Kwa desturi ya watu wetu nyumba yenye msiba wa namna hiyo hukaa peke yake kwa muda. Haitembelewi, mifugo yake haichanganywi na ya wengine, na haichoti maji kwenye kisima cha wote. Watu wakikutana na wa nyumba hiyo njiani hupisha. Kanisa lilisema mambo hayo yamepitwa na wakati, na watu walikubali kanisani, halafu wakirudi nyumbani walipisha vilevile. Hata Martina alikuwa ameacha kuja shule. Familia yake ilichota maji chini kabisa, kwenye kivuko cha ng'ombe.

Wiki zilipita. Majani ya mwerebi yakaanza kugeuka manjano, ingawa haukuwa msimu. Mwanzoni watu walisema ni baridi. Kisha yakadondoka, mengi kwa siku moja, yakafunika kisima. Minana walikaa siku chache wakipiga kelele juu ya matawi makavu, viota vikiwa wazi kwa jua na kwa mwewe, na asubuhi moja hatukuwasikia. Naikumbuka asubuhi hiyo zaidi ya nyingine zote. Tulishuka na ndoo tukiwa tunaongea, na wote tukanyamaza kwa pamoja bila kujua kwa nini.

Baada ya hapo vingine vilifuata. Mwerebi wetu ulikuwa ukitoa maua wakati wa kiangazi, vimkia laini vya manjano, na nyuki walivitegemea kabla mimea mingine haijachanua. Mwaka ule hawakuja, na mizinga ya upande ule ikabaki mitupu. Mdiria aliyezoea kukaa tawi la chini akivizia samaki wadogo alihama. Maji yakapata joto, yakaota ukungu wa kijani, na kaa wa kijitoni tuliokuwa tukiwakamata chini ya mizizi hawakuonekana tena. Kiangazi kilipokaza, kisima kikashuka mpaka tukawa tunachota kwa kikombe.

Leo nawafundisha watoto kwamba mti mmoja kando ya maji ni nyumba yenye vyumba vingi. Wanaandika kwenye madaftari. Hawajui kwamba mwalimu wao aliijua nyumba hiyo kwa kuibomoa.

Wazee wakaitana kisimani. Sisi watoto tulisimama juu ya mteremko. Mzee mmoja akalikwangua lile tope lililokauka, likadondoka kwa vipande, na shina likaonekana limevuliwa pande zote. Watu wakasema "Yuuu!" kwa sauti moja. Mkono wangu wa kulia ukawa mzito. Sisemi kwa mfano. Ulikuwa mzito kweli, nikaushika kwa ule wa kushoto nikisubiri wenye maji wautambue.

Kisha mama mmoja akajitokeza akasema, "Mimi nilimwona Mama Martina hapa. Alfajiri. Na ndoo."

Wakamwita. Alikuja na khanga yake imefungwa kichwani, akasimama mbali kidogo kama alivyotakiwa.

"Ulichota maji hapa?"

"Nilichota. Mwanangu Paulo alikuwa anaungua homa, na kule kivukoni ng'ombe walikuwa wamevuruga. Nilichota mara moja."

"Na kwa homa hiyo, Paulo ulimpa dawa gani?"

Kila mtu pale alijua kwamba gome la mwerebi likichemshwa hushusha homa. Kila nyumba ilikuwa nalo.

"Mama, tunakuuliza. Ulimpa dawa gani?"

"Gome," alisema.

"La mti huu?"

Aliinua macho, akautazama ule weupe, akatazama lile tope lililodondoka. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akainamisha kichwa na hakujibu tena, hata walipomuuliza mara tatu. Mzee mmoja akasema, "Basi, amejibu."

Nataka kuwa mkweli hapa, kwa sababu ndiyo sababu pekee ya kuandika haya. Nilichokisikia moyoni wakati ule hakikuwa huzuni. Ilikuwa raha. Mkono ukawa mwepesi. Mimi niliyekuwa nikimfundisha Aama kwamba hakuna wenye maji, saa ile niliwaamini kwa nguvu zangu zote, kwa kuwa walikuwa wamemkamata mtu mwingine. Usiku nilijiambia kwamba labda kweli ni yeye. Labda mti ulikuwa unakufa kwa sababu ya ndoo yake, na mimi nilichukua gome tu. Mtoto wa miaka kumi anaweza kujijengea nyumba nzima kwa "labda" moja na akalala humo.

Nyumba ya Mama Martina iliongezewa muda wa kukaa peke yake, mwaka mzima. Hawakufukuzwa, hakuna aliyewarushia hata neno baya. Walipishwa tu.

Mvua za mwanzo zilipokaribia, Aama aliniamsha asubuhi moja tukashuka kijitoni. Alikata matawi kutoka kwenye ile mierebi midogo, unene wa kidole gumba, urefu wa mkono, akanipa niyabebe. Kando ya kisima alichoma matundu kwa mti mgumu uliochongwa.

"Usigeuze," alinionya. "Upande uliokuwa chini uende chini. Uingie mpaka nusu, na udongo uubane kwa kisigino. Mti huu hauhitaji kubembelezwa, unataka miguu yake ilowe tu."

Tulipanda matawi mengi. Kazi ilipokwisha alikaa kwenye jiwe, akajifunika shuka lake.

"Tere."

"Abee, Aama."

"Kama kuna mtu ana neno kwa wenye maji, huu ndio wakati wa kusema. Mimi masikio yangu ni mabovu siku hizi, sisikii."

Nililitazama tope kwenye vidole vyangu. Nilifikiria fimbo ya baba. Nilifikiria watu wakitupisha sisi njiani.

"Sina neno, Aama," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa, akasimama kwa shida. Nilimpa bega langu na hakulishika. Masikio yake yalikuwa mazima kuliko ya mtu yeyote pale bondeni, nasi sote wawili tulijua hivyo. Kwa miaka mingi nimejiuliza kwa nini yeye mwenyewe hakusema. Nadhani alinipenda kuliko alivyompenda jirani yake, na hilo nalo ni deni nililomtwisha mzee wa watu mpaka akaingia nalo kaburini.

Kabla mwaka haujaisha, baba yake Martina alihamisha familia. Walishuka Hanang, Gehandu, kwa ndugu yake aliyekuwa akifuga huko. Walipita mbele ya nyumba yetu na ng'ombe wao wanne. Martina aliniangalia. Mimi nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, na wakati huo sikuwa na viatu.

Nikakua. Nikawa mwalimu. Mkoa wetu ulipogawanywa na upande wetu ukaitwa Manyara, walimu wengi tulipangwa upya, nami nikapelekwa shule moja ya Gehandu.

Sikumtafuta Mama Martina. Nakiri hilo pia. Yeye ndiye aliyeniona, kwenye mashine ya kusaga, nikiwa na debe langu la mahindi kwenye foleni.

"Wewe si mjukuu wa yule bibi wa Tlawi? Tere?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuwa mtu mzima! Paulo, njoo umsalimie mwalimu. Huyu ni wa kwetu."

Wa kwetu. Paulo, yule wa homa, alikuwa kijana mrefu mwenye mikono ya kazi, akanibebea debe mpaka nyumbani.

Nilimaliza wiki tatu bila kulala vizuri. Jumamosi moja nikaenda kwake. Alinikaribisha kwenye kigoda, akanipa maziwa, akaniuliza habari za watu wa nyumbani mmoja mmoja. Nilimsubiri amalize, kisha nikamwambia. Nilimwambia yote, lori, kamba, tope. Nilisema nikiwa nimeangalia kikombe.

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Aliniomba nimwonyeshe mikono yangu. Nikainyoosha. Akaishika, akavitazama vidole.

"Lile tope lilikuwa na alama za vidole vya mtoto," alisema polepole. "Niliziona siku ile waliponiita, kwenye vipande vilivyodondoka. Vidogo hivi. Nami ndiye niliyemtuma Martina gome la dawa ya Paulo."

Sikuelewa mara moja.

"Mwalimu, nilinyamaza kwa ajili ya mwanangu. Nilisema, mtoto amefanya bila kujua, wacha wanibebeshe mimi."

"Mama..."

"Ngoja nimalize. Tulipofika nyumbani nilimuuliza. Akasema, 'Mama, mimi nilichukua kwenye mti mdogo wa chini, utepe mmoja.' Nikamchapa. Akasema hivyohivyo. Nikamchapa tena, sasa kwa kusema uongo. Kila shida iliyotupata huku nilimwambia, 'Unaona ulichotufanyia?' Miaka yote hiyo. Alipoolewa Babati alishukuru kuondoka. Sukari inaletwa kila sikukuu, na sabuni. Yeye mwenyewe haji."

Kuku walikuwa wanachakura karibu na miguu yetu. Nilikuwa nimebeba kosa moja kwa zaidi ya miaka kumi nikidhani nalijua uzito wake. Nilidhani niliua mti na kumpokonya mama mmoja majirani zake. Kumbe yeye alikuwa amechagua kupoteza majirani ili abaki na binti, na mimi, kwa kunyamaza kwangu, nikawa nimemnyima na huyo binti.

"Una simu?" aliniuliza.

Nilikuwa nayo. Ilibidi tupande mpaka kwenye kichuguu nyuma ya zizi kupata mtandao. Paulo alinisomea namba. Martina alipopokea nilimtajia jina langu, nikamwambia kwa maneno machache, maana nilijua nikiyapamba nitashindwa.

"Mama yuko hapo?" aliuliza.

"Yuko."

"Mpe."

Nilimpa simu nikashuka kichuguu. Nilisikia upande mmoja tu. "Martina. Ni mimi. Eee. Hukuwa wewe, mwanangu. Hukuwa wewe." Alirudia hivyo mara nyingi, kama mtu anayemtuliza mtoto mchanga, na sijui alijibiwa nini, wala sikuwahi kuuliza.

Aliporudisha simu ilikuwa ya moto. Akafuta uso kwa khanga, akaniambia, "Umefanya vizuri kuja. Umechelewa." Alisema yote mawili kwa sauti ileile, na mpaka leo siwezi kuchukua moja nikaliacha lingine.

Martina alikuja Krismasi ile. Nilimwona kanisani kwa mbali, amekaa na mama yake benchi moja, kati yao pakiwa na nafasi ya mtu. Aliponipita nje aliniitikia salamu. Hakusimama, na sikutarajia asimame.

Je, wenye maji wapo? Watoto huniuliza, nami huwajibu yaliyo kwenye kitabu: mizizi, kivuli, mvua inayozama ardhini. Nikimaliza hubaki nikimfikiria Aama aliyesema kwamba wanaujua mkono na hawakosei mtu. Sisi watu ndio tuliokosea. Kila mwaka, mvua zikikaribia, nawapeleka wanafunzi kando ya maji tunachomeka matawi ya mwerebi, upande wa chini ukielekea chini, nami huwaambia wasivue gome kuzunguka mti. Mengi huota. Ni kazi nzuri, na hailipi kitu chochote kwa mtu yeyote wa hadithi hii.

Kwa hiyo sikuombi unisamehe, wewe uliyesoma mpaka hapa, wala sikuombi uniambie kwamba nilikuwa mtoto. Kulikuwa na mtoto mwingine, wa umri wangu, aliyekaa nami dawati moja. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu, ukiweza: Martina alikuwa anasema kweli.